Muulize Dokta wa Mifugo: Seli nyeupe zinavyotega virusi, na kwanini ndama anaweza kuzibwa na mtego wake mwenyewe

Wasomaji wangu, mwezi huu maswali yamekuja kama mlikaa kikao. Wa ndama, wa kuku, wa nguruwe, wa mbwa, wote mnauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, kwamba kama mwili wa mnyama una askari wake ndani, inakuaje kirusi kinaingia na siku ya nne mnyama kalala chini. Nimeamua niyajibu yote humu. La ndama nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ukilielewa hilo mengine yanafunguka.

SWALI: Dokta shikamoo. Mi nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Rungwe, wanne tu. Ndama wangu wa miezi mitatu alianza kukohoa, akapata homa, akawa anapumua kwa tumbo, siku ya nne akafa. Mtaalamu alimpasua akanionyesha mapafu, yamekua mazito kama ini, na kwenye njia za hewa kulikua na kitu kinanata kama kamasi nzito. Akasema ni nimonia iliyoanzia kwenye virusi, na hicho kinachonata sehemu kubwa ni seli nyeupe za ndama mwenyewe. Hapo ndo nimeachwa. Seli nyeupe si ndo zinatulinda? Sasa zimemziba vipi?

JIBU: Marahaba, na pole sana, ndama wa maziwa akifa unakua umepoteza na maziwa ya miaka inayokuja. Mtaalamu wako kakwambia kweli, na nampongeza kwa kukuonyesha mapafu badala ya kusema "nimonia" akapanda pikipiki akaondoka.

Tuanze na kitu ambacho nadhani umeshakiona kwa macho yako. Kuna kile kipimo cha ugonjwa wa kiwele, kibao chenye vikombe vinne, unakamulia kila chuchu kikombe chake, unamimina dawa ya zambarau, unazungusha taratibu. Maziwa ya kiwele kizima yanabaki majimaji. Ya kiwele kinachoumwa yanavuta, yanakua kama mlenda kabisa, ukiinamisha kibao yanateleza kwa pamoja. Ule mlenda ni DNA. Dawa ile kimsingi ni sabuni, inapasua seli nyeupe zilizokimbilia kwenye kiwele kupigana, na kila seli ndani yake ina nyuzi za DNA ambazo ukizinyoosha zote ukaziunganisha unapata karibu mita 2, sasa fikiria seli laki kadhaa mpaka mamilioni kwenye kila mililita zinapasuka kwa mpigo, lazima maziwa yavute.

Sasa, hicho ambacho sabuni inakifanya kwenye kibao, kuna seli nyeupe inayokifanya yenyewe, kwa kusudi, ndani ya mwili. Inaitwa nyutrofili. Inazaliwa kwenye uboho, inaingia kwenye damu, maisha yake ni mafupi mno, saa kadhaa mpaka siku chache basi, ndo maana mwili unazitengeneza bila kupumzika. Ukiipaka rangi ukaiangalia kwenye hadubini unaona kiini chake kimebanwa banwa vipande vitatu mpaka vitano kama shanga kwenye uzi, na pembeni imejaa vipunje vidogo, hivyo ndo ghala lake la silaha, vimejaa vimeng'enya vya kuyeyusha adui.

Kwa zaidi ya miaka mia tulifundishwa kwamba nyutrofili ina kazi mbili, kumeza adui na kumwagia kemikali. Mwaka 2004 watafiti wa taasisi ya Max Planck ya magonjwa ya kuambukiza kule Berlin, akiwemo Volker Brinkmann na Arturo Zychlinsky, wakaonyesha kazi ya tatu ambayo mimi niliposoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa. Nyutrofili ikichokozwa vya kutosha inalegeza DNA yake yenyewe, kuna kimeng'enya kinazigusa zile protini ambazo DNA huwa imejizungusha, zinaachia, kiini kinavimba, ukuta wake unapasuka, DNA inachanganyikana na zile silaha za kwenye vipunje, halafu ganda la nje linapasuka na vyote vinarushwa nje kama mvuvi anavyorusha kimia. Ni wavu uliopakwa ulimbo. Mara nyingi inachukua saa mbili mpaka nne na seli inakufa hapohapo. Lakini baadaye ikaonekana kuna zingine zinatema wavu ndani ya dakika na kuendelea kutambaa na kumeza zikiwa hazina kiini tena, yaani zimeshatoa urithi wao wote nje na bado ziko kazini.

Mwanzoni hayo yalionyeshwa kwa bakteria. Virusi ni habari ngumu zaidi kwa sababu ya udogo. Kirusi cha ugonjwa wa midomo na miguu kina upana wa kama nanomita 30, nyutrofili ni mikromita 12 mpaka 15, ni punje ya ulezi mbele ya pipa la maji. Wavu wa kawaida punje ya ulezi ingepita. Huu haupitishi kirahisi kwa sababu haushiki kwa matundu, unashika kwa kunata: DNA ina chaji hasi, zile protini zake zina chaji chanya, kwahiyo kirusi kikipita karibu kinavutwa na upande mmoja au mwingine, na kikishanata pale kinakutana na vimeng'enya vinavyoharibu koti lake. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba nyavu hizi zinaweza kunasa mpaka virusi vya Ukimwi. Mwaka 2013 wakaangalia panya waliopewa virusi vya jamii ya ndui, wakaona nyavu zimetandazwa kwenye mishipa midogo ya ini, na walipozikata kwa kimeng'enya cha kukata DNA idadi ya seli zilizoambukizwa ikapanda. Hapo ndo unajua mtego ulikua unafanya kazi kweli, maana ulipoondolewa wezi wakaongezeka.

Turudi kwa ndama wako. Kwenye damu na ini wavu unatandazwa ndani ya mto unaotiririka. Kwenye mapafu unatandazwa ndani ya bomba jembamba. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kuhusu kirusi kinacholeta nimonia kwa watoto wachanga wa binadamu pamoja na ndugu yake anayeshambulia ndama, wakakuta njia ndogo za hewa zimejaa nyavu hizi. Zilikua zinanasa virusi, hilo lilionekana, na hapohapo zilikua zinaziba njia ya hewa. Kazi ileile moja, faida na hasara kwa pamoja.

Na ng'ombe ana bahati mbaya ya maumbile. Mapafu yake ni madogo ukilinganisha na mwili wake, halafu yamegawanyika vyumba vyumba ambavyo havipeani hewa, kwahiyo bomba la chumba kimoja likiziba chumba hicho kimekwisha, jirani hawezi kukisaidia. Juu ya hapo protini za kwenye wavu zinachoma pia utando wa ndani wa mapafu. Kwa panya wenye mafua makali ilishaonekana tangu 2011 kwamba nyavu zikizidi ni sehemu ya kinachowaharibu mapafu. Halafu virusi vikishachubua njia, bakteria ambao kawaida wanakaa puani kwa amani wanashuka chini, na baadhi ya bakteria, kwa mfano jamii ya streptokokasi, wana kimeng'enya chao cha kukata DNA, wanaukata wavu na kupita zao.

Ndo maana nimonia ya ndama ukichelewa siku mbili unakua umechelewa sana. Unachokiona siku ya nne, kile kupumua kwa tumbo, shingo kunyooshwa, mdomo wazi, kwa kiasi kikubwa ni matokeo ya vita wakati virusi vyenyewe pengine vimeshaanza kupungua. Kwahiyo ndama mwingine akianza kukohoa na kukataa maziwa pima joto siku hiyohiyo, ikipita nyuzi 39.5 ita mtaalamu, usisubiri kesho. Atampa dawa ya kushusha uvimbe na homa, na antibayotiki kwa ajili ya wale bakteria wanaofuata nyuma. Mtoe kwenye banda lenye harufu ya mkojo inayochoma macho, ile gesi inalemaza vile vinyweleo vya kwenye njia ya hewa ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu huo kuupandisha juu.

Na dang'a. Naomba nirudie dang'a hata kama mmenichoka. Ndama anazaliwa karibu bila kingamwili yoyote kwenye damu kwa sababu kondo la ng'ombe haziruhusu kupita, zote anazipata kwenye maziwa ya kwanza, na utumbo wake unazipitisha vizuri saa chache za mwanzo, ikifika siku ya pili mlango umefungwa. Anahitaji lita 3 mpaka 4 ndani ya saa 6 za mwanzo. Kingamwili zinavishika virusi kabla havijaingia kwenye seli, na vikishashikwa mapema nyutrofili hazina sababu ya kumiminika kwa wingi na kurusha nyavu kila kona. Nimekutana na wafugaji wanaoimwaga dang'a chini wakisema ni maziwa machafu, au wanampa ndama kikombe kimoja nyingine wanapika, na kila nikiona hivo roho inaniuma kwa sababu najua mwezi wa tatu nitaitwa.

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina kuku chotara 200 Morogoro. Kuku akivimba jicho nikiminya hautoki usaha wa maji kama wa mbuzi, inatoka kitu kigumu cha njano kama jibini. Kwani kuku hana seli nyeupe? Swali la pili, nilichanja mdondo vizuri kabisa lakini baada ya Gumboro kupita bandani wakafa kwa mdondo hivyohivyo. Chanjo ilikua feki?

JIBU: Nzuri, na swali lako la jicho limenifurahisha maana ni watu wachache wanaoangalia usaha kwa makini.

Kuku anazo. Ila hana nyutrofili, ana ndugu yake anaitwa heterofili, anafanya kazi zilezile, anakimbilia penye adui, anameza, na imeshaonyeshwa kwamba naye anarusha nyavu za DNA. Tofauti moja ni kwamba hana kile kimeng'enya cha kijani ambacho nyutrofili za mbuzi na za kwetu zinacho kwa wingi. Ule ukijani wa kamasi ya mtoto mwenye mafua unatoka huko, ni rangi ya kimeng'enya. Kwa mbuzi seli zilizokufa zinayeyushwa kuwa majimaji na jipu linapasuka. Kwa kuku haziyeyuki, zinakauka na kurundikana, mwili unajenga ukuta kulizunguka lile rundo, ndo hilo jibini lako. Kwahiyo kumchoma sindano kuku mwenye donge la namna hiyo ukisubiri liyeyuke ni kupoteza hela, dawa haipenyi humo. Linatolewa kwa mkono, taratibu, kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu na mtu anayejua, na usiminye kwa nguvu utamtoboa jicho.

La Gumboro sasa. Chanjo yako inawezekana ilikua nzima kabisa.

Kuku ana kifuko kidogo juu ya njia ya haja, kama zabibu, hapo ndo zinasomeshwa limfosaiti za kutengeneza kingamwili. Mwaka 1956 Bruce Glick na Timothy Chang kule Marekani waliandika kwamba kuku waliotolewa kifuko hicho wakiwa wadogo hawatengenezi kingamwili, na mpaka leo hata kwa binadamu seli hizo zinaitwa seli B, ile B ni ya bursa, jina la kitaalamu la kifuko hicho cha kuku. Sayansi nzima ya kingamwili imebeba jina la kiungo cha kuku na wafugaji wa kuku hatuambiwi!

Kirusi cha Gumboro kinakwenda moja kwa moja kwenye kifuko hicho. Kinazitafuta seli B changa na kuziua. Wiki ya 3 mpaka ya 6 ndo kifuko kiko kwenye kilele na ndo wakati Gumboro inapiga hodi. Wakati huo heterofili zipo, zinakwenda, zinarusha nyavu, lakini zinapigana kama askari wasio na wapelelezi, kwa sababu kingamwili ndo zinazombandika adui alama ya kumtambua. Kuku anayepona Gumboro kwa nje ana afya, anakula, anadonoa, ila ndani shule imeungua. Ukimchanja mdondo hana wa kusoma hiyo chanjo. Kuna mfugaji mmoja aliwahi kuniletea chupa tupu ya chanjo amekasirika, anataka nikubali ni feki, tukampasua kuku mmoja aliyekua anakufa, kifuko kimesinyaa kama kipande cha uzi. Kwahiyo weka Gumboro mapema kwa ratiba ya mtaalamu wa eneo lako, na banda lililopata Gumboro usiingize vifaranga wiki inayofuata, kirusi hicho kinakaa miezi kwenye maranda na vumbi na dawa nyingi za kuoshea banda hakizisikii.

Mdondo usiache, ile chanjo ya tone la jicho ya I-2 inayovumilia joto rudia kila baada ya miezi mitatu.

SWALI: Shikamoo dokta, niko Songea nafuga nguruwe. Homa ya nguruwe imepita kijiji cha jirani imemaliza mabanda yote. Nimesikia mtu anasema kirusi hiki kinaishi ndani ya seli nyeupe. Inawezekanaje adui akaishi kwenye kituo cha polisi?

JIBU: Marahaba. Mfano wako ni sahihi kuliko unavyodhani.

Mbali na nyutrofili kuna seli nyeupe kubwa zaidi zinaitwa makrofeji, hizi zinaishi muda mrefu, zimekaa kwenye bandama, ini, mapafu, mitoki, kazi yao ni kumeza chochote kisichoeleweka na kukisaga. Kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika kinataka kumezwa. Kikishamezwa kinatoka kwenye kile kifuko cha kusagia kabla hakijasagwa, kinakaa ndani ya makrofeji na kuzaana humo, halafu makrofeji inapasuka na kumwaga maelfu. Mbaya zaidi kabla haijafa inapiga kelele, inamwaga kemikali za tahadhari kwa wingi usio wa kawaida, na kemikali hizo zinaziua limfosaiti zilizo jirani ambazo kirusi hata hakikuzigusa. Mishipa inavuja, damu inaganda pasipotakiwa na kushindwa kuganda panapotakiwa, ndo unaona masikio yamegeuka zambarau.

Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na Montgomery, walowezi walileta nguruwe wa Ulaya wakafa karibu wote. Ngiri kirusi anacho na haugui. Ngiri na papasi wanaokaa kwenye shimo lake wamezoeana na kirusi hiki muda mrefu, nguruwe wa kufugwa ni mgeni kwenye mkataba huo.

Sasa nikwambie wazi maana najua unachotaka kuuliza: dawa hakuna, usinunue sindano yoyote ya mtu anayepita na begi. Usiingize nguruwe mpya, usiruhusu mnunuzi aingie bandani na viatu vyake, makombo ya hotelini yachemshe mpaka yatokote vizuri kwa sababu kirusi kinakaa kwenye nyama miezi, hata ikigandishwa au ikikaushwa. Akifa mmoja ghafla toa taarifa kwa ofisa mifugo, usichinje waliobaki ukauza haraka haraka. Naelewa ada za shule zimekaa kwenye banda hilo. Lakini ile nyama ya bei rahisi ndo inabeba ugonjwa mpaka kwa shemeji yako wilaya ya pili. Binadamu haambukizwi, hilo usiogope.

SWALI: Daktari, salamu kutoka Nakuru. Nilikuwa na mbwa mdogo wa miezi mitatu, alianza kutapika na kuhara damu. Kliniki walipima damu wakasema seli nyeupe zimeisha karibu zote, ni parvo. Mimi nilidhani mgonjwa akiwa na infeksheni seli nyeupe hupanda. Hii imekuwa aje?

JIBU: Salama ndugu yangu, pole kwa mbwa wako.

Kwa bakteria kawaida hupanda, uko sahihi. Parvo ni kirusi, kinashambulia seli zinazogawanyika haraka, na mwilini mwa mbwa mdogo sehemu mbili zinaongoza kwa haraka hiyo, utando wa utumbo na uboho. Utumbo unachubuka, ndo damu unayoona. Uboho unasimama, ndo seli nyeupe zinaisha, na kumbuka nilichosema juu, nyutrofili haiishi sana, kiwanda kikifungwa siku mbili stoo iko tupu. Mbwa mzima ana seli nyeupe kama 6,000 mpaka 17,000 kwa kila mikrolita ya damu, wa parvo utamkuta chini ya 3,000 na wengine chini zaidi.

Nikiwa mwanafunzi niliwahi kupewa kioo cha damu ya mbwa wa parvo nihesabu seli nyeupe 100 kwa aina zake. Nikazungusha kioo nusu saa nikaona chembe nyekundu tu kama uwanja wa njugu, nikapata seli nyeupe kama tano. Nilidhani nimekosea kupaka. Nikarudia kioo cha pili, hivyohivyo. Mwalimu alikuja akaangalia akasema "hujakosea, hazipo", na mpaka leo nikisikia neno kinga kushuka naona kile kioo kitupu. Mbwa yule wakati huo bakteria wa utumboni walikua wanaingia kwenye damu kupitia utumbo uliochubuka na hakukua na wavu hata mmoja wa kuwasubiri. Kwahiyo ukiona kliniki wanampa mbwa wa parvo drip na antibayotiki wakati ni virusi usidhani wanakuibia, antibayotiki pale imeshika nafasi ya nyutrofili mpaka uboho uamke. Akivuka siku nne tano za mwanzo seli zinaanza kurudi na wengi hupona.

Kirusi hiki ni kipya duniani, kilitokea 1978 na ndani ya miaka michache kikawa kila bara. Ndugu yake wa paka ni wa zamani zaidi na jina lake la kitaalamu maana yake ndo hiyohiyo, upungufu wa seli nyeupe zote. Ukitaka mbwa mwingine osha sakafu kwa dawa ya klorini, sabuni peke yake haitoshi, na kama alikua anahara kwenye udongo wa uani kirusi kinaweza kukaa humo mwaka mzima, kwahiyo mlete aliyeshamaliza chanjo zake. Chanjo zinaanza wiki ya 6 mpaka ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu nne mpaka wiki ya 16, wengi wanaishia ya kwanza hapo ndo shida inaanzia.

SWALI: Dokta, duka la dawa za mifugo wananiuzia "busta ya kuongeza seli nyeupe" ya kuchanganya kwenye maji. Inafaa? Msomaji, Singida.

JIBU: Mnyama mwenye upungufu wa vitamini au madini ukimpa atafaidika, kuku aliyetoka safari ndefu pia. Mnyama anayekula vizuri haongezewi askari na chupa. Na ukishasoma habari ya ndama hapo juu utaona kwamba seli nyingi zaidi sio kila mara habari njema, ndama yule alikua nazo nyingi mno mahali pembamba. Hela hiyo nunua chanjo, ibaki nyingine nunua kipimajoto.

SWALI: Shikamoo dokta. Niko kidato cha tatu Tanga, mwalimu wa baiolojia ametuambia tutafute nani aligundua kwamba seli nyeupe zinameza vijidudu. Kwenye kitabu sijaona.

JIBU: Marahaba mwanangu. Andika Elie Metchnikoff, mzaliwa wa himaya ya Urusi. Mwaka 1882 akiwa Messina, mji wa pwani kule Sisilia, alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza (yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), ambavyo ni angavu kama kioo unaona mpaka ndani, akavichoma miiba midogo akaenda kulala. Asubuhi akakuta seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba pande zote zinajaribu kuumeza. Hakua na mnyama mkubwa wala maabara ya serikali. Akapata Nobeli mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich, ambaye upande wake alikua anatetea kingamwili, na watu wa zama zile walibishana sana nani yuko sahihi kati ya wa seli na wa kingamwili.

Wewe uko Tanga, maji yakitoka nenda ufukweni na wenzako, viti vya pweza vipo, mwangalie mmoja halafu mrudishe kwenye maji.